Kupanda Mlima Rungwe: Mambo Ambayo Mkazi wa Kata Anapaswa Kuyafahamu

Kila anayeishi Tukuyu, au katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Rungwe, huuona mlima huo asubuhi kabla ya kuona kitu kingine, endapo ukungu umempa nafasi. Wilaya yetu inabeba jina lake. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu waliowahi kufika kileleni, na wapo wanaojaribu kupanda bila kibali, bila mwongozaji na bila hata koti. Wengine wamekwisha kupanda hadi Ziwa Ngozi, wakaona kwamba walikwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, wakadhani kuwa Rungwe ni safari ya namna ileile. Sivyo. Safari ya Rungwe humaliza siku nzima, nayo haimsamehe aliyekuja bila maandalizi.

Makala haya yanaeleza mlima huu ni wa namna gani, kwa nini kuingia kwake kunahitaji kibali, na mkazi afanye nini ili apande na kushuka salama. Yanajibu pia swali ambalo mkazi ana haki ya kuliuliza: mlima huu tumezaliwa chini yake, kwa nini leo tuombe ruhusa ya kuupanda?

Mlima uliolala

Rungwe una kimo cha mita zipatazo 2,960 juu ya usawa wa bahari. Ni mlima wa volkano, na yapata miaka 4,000 iliyopita ulilipuka kwa nguvu kubwa, ukatapakaza majivu na mawe mepesi juu ya eneo pana. Mkulima achimbapo shimo la choo au la kupandia mparachichi hukuta ushahidi wa mlipuko huo: tabaka la vijiwe vyenye vitundu vingi, vyepesi kiasi cha kuelea juu ya maji. Jirani yake, Mlima Kyejo, ulitoa ujiuji wa moto hivi karibuni zaidi, takriban mwaka 1800. Kwa sababu hiyo wataalamu husema kuwa milima yetu imelala, hawasemi kuwa imekufa.

Historia hiyo ndiyo iliyotupa rutuba inayostawisha migomba, chai na viazi. Kwa mpandaji, hata hivyo, ina maana nyingine. Udongo wa majivu ni laini. Ukiloa huteleza, na ukikanyagwa mara nyingi humomonyoka upesi. Njia moja ikikatwa mahali pasipofaa, maji ya mvua huifuata na kuigeuza kuwa korongo katika misimu michache. Ndiyo sababu waongozaji husisitiza kwamba msafara ufuate njia iliyopo, hata pale mpandaji anapoona mkato unaovutia.

Msitu unaovuna maji

Hewa yenye unyevu hutoka upande wa Ziwa Nyasa na kusukumwa kuelekea milimani. Kutoka ufukweni hadi kilele cha Rungwe ni mwendo wa takriban kilomita 60 tu kwa mstari ulionyooka, lakini katika umbali huo ardhi hupanda kwa karibu mita 2,500. Hewa inapolazimika kupanda hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa ukungu na mvua. Hii ndiyo sababu Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho wilaya nyingi za nchi yetu hazikioni.

Mvua hiyo ingekuwa balaa kama ingeangukia mteremko mtupu. Msitu huipokea kwa hatua: kwanza majani, kisha kuvumwani iliyovaa mashina na matawi, kisha majani makavu yaliyolala chini, na mwisho mizizi na udongo. Maji huzama polepole, yakatoka wiki au miezi kadhaa baadaye katika chemchemi. Kwa njia hiyo mito inayoteremka kutoka milima hii, ikiwemo Kiwira na Mbaka, huendelea kutiririka kuelekea Ziwa Nyasa hata katika miezi ya kiangazi. Anayefungua bomba au kuchota kisimani mwezi wa Septemba anatumia mvua iliyotunzwa na msitu tangu masika.

Hapo ndipo jibu la swali letu linapoanzia. Msitu wa Rungwe ni wa aliyezaliwa chini yake, lakini ni wa aliye kilomita 40 chini ya mto vilevile. Njia inayomomonyoka juu hupeleka tope katika chanzo cha maji kilicho chini, na moto mmoja ulioachwa na mpandaji waweza kuteketeza katika siku mbili miti iliyochukua miaka 100 kukua.

Kibali hutolewa na nani

Mwaka 2009 Mlima Rungwe ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 136. Hadhi hiyo ni ya juu katika ulinzi wa misitu nchini, nayo imewekwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Msimamizi wa hifadhi ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, maarufu kama TFS.

Ni muhimu wakazi watofautishe majukumu. Halmashauri haitoi kibali cha kuingia hifadhini, wala mtendaji wa kijiji hana mamlaka ya kukiuza. Kibali hutolewa na ofisi ya TFS, na malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya Serikali, kisha mlipaji hupewa stakabadhi. Viwango vya raia wa Tanzania ni tofauti na vya wageni kutoka nje. Mtu akikuomba fedha taslimu mkononi bila namba ya malipo na bila stakabadhi, usimpe; toa taarifa ofisi ya TFS au kwa mtendaji wa kata.

Kibali kina kazi tatu. Kwanza, kinaonyesha nani yumo msituni siku hiyo. Mtu asiporudi jioni, watafutaji huanza na orodha ya majina na njia aliyosema angeifuata. Aliyeingia kimyakimya hana orodha, na huenda asianze kutafutwa hadi siku ya pili. Pili, ada inachangia gharama za doria na utunzaji wa njia. Tatu, kibali kinamtenganisha mpandaji na mwindaji haramu au mkata mbao. Askari wa misitu anapokutana na watu wawili wenye mapanga ndani ya hifadhi, hana njia nyingine ya kuwatambua.

Kwa hiyo, kuomba kibali si kukana kwamba mlima ni wetu. Ni sawa na kujiandikisha katika zahanati ya kijiji: zahanati ni yetu, lakini bila daftari haiwezi kutuhudumia.

Siku ya safari

Majira mazuri ya kupanda ni kati ya Julai na Oktoba, mvua zinapopungua. Tusiseme kwamba mvua hukoma, maana katika mlima huu hakuna mwezi unaoweza kuaminiwa kabisa. Kuanzia Novemba hadi Mei njia huwa tope, mawe huteleza, na vijito vidogo hujaa ghafla. Aliye na hiari ya kuchagua tarehe asichague miezi hiyo.

Njia ni zaidi ya moja. Wapo wanaoanzia upande wa Isongole, kando ya barabara kuu ya Mbeya na Tukuyu, na wapo wanaoanzia upande wa Misheni ya Rungwe, ambako wamisionari wa Moravian walianzisha kituo chao mwaka 1891. Popote unapoanzia, chukua mwongozaji anayetambuliwa na ofisi ya hifadhi. Kuujua mlima kwa kuutazama kutoka shambani si kuijua njia iliyo ndani ya msitu, ambako mtu haoni kilele wala bonde.

Msafara uanze saa 12 asubuhi. Mwanzoni mtapita mashamba, kisha msitu mrefu wenye miti minene iliyofunikwa kuvumwani na kangaga. Mbele zaidi kuna sehemu zenye mianzi, na hatimaye miti hufupika, ikaacha nafasi kwa vichaka na majani ya milimani. Hapo upepo huanza kusikika, na ndipo wengi hufungua mizigo yao kutafuta koti walilodhani halitahitajika.

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni ya saa ya kugeuka. Kabla hamjaondoka, kubalianeni kwamba ifikapo saa 7 mchana msafara utageuka, kilele kiwe kimefikiwa au hakijafikiwa. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na kushuka ndiko kunakoumiza. Miguu imechoka, magoti hubeba uzito wote, na mtelezo ambao asubuhi ulishikwa kwa mikono sasa uko chini ya visigino. Isitoshe, giza huingia msituni mapema kuliko mashambani: wakati jua bado liko juu ya migomba, chini ya miti mikubwa mtu haoni tena mizizi inayokatiza njia. Kilele kitakuwepo mwezi ujao. Hakuna aibu katika kugeuka.

Kila mpandaji abebe walau vitu hivi: maji yasiyopungua lita mbili, chakula kisichohitaji kupikwa, kama vile ndizi zilizochemshwa, viazi, karanga au mkate, sweta na koti la mvua, nguo kavu ya kubadilisha, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, viatu vyenye meno visivyo vipya kabisa, tochi yenye betri nzima, filimbi, na simu iliyojaa chaji, ambayo izimwe hadi itakapohitajika. Kila kikundi kiwe na vifaa vya huduma ya kwanza. Ndala na viatu vya mpira vyenye soli iliyolika viachwe nyumbani.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, pumu au ujauzito aonane kwanza na mhudumu wa afya. Katika kimo cha karibu mita 3,000 hewa ni nyepesi, na baadhi ya watu wenye afya njema huumwa kichwa au kupumua kwa taabu. Dawa ya hali hiyo ni kupunguza mwendo, kunywa maji na, ikizidi, kushuka.

Hatari iliyo kubwa ni baridi

Watu wengi huogopa nyoka. Hatari inayostahili kuogopwa zaidi ni baridi. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi zipatazo 6 za Selsiasi kila mtu apandapo mita 1,000. Maana yake ni kwamba kileleni kuna baridi inayoizidi ile ya Tukuyu kwa nyuzi 8 hivi, kabla ya kuhesabu upepo na mvua. Nguo iliyolowa huuondolea mwili joto upesi sana, na mtu aliyetoka jasho wakati wa kupanda huanza kupoa mara tu anapoketi kupumzika.

Dalili za mwili kupoteza joto kupita kiasi zijulikane kwa kila mmoja. Mtu hutetemeka bila kujizuia. Vidole hushindwa kufunga kamba ya kiatu. Maneno humtoka kwa kukokota. Hujikwaa, hukasirika bila sababu, au husema kwamba anataka kulala kidogo tu. Akiacha kutetemeka huku bado akiwa baridi, asidhaniwe kuwa amepona. Hiyo ni dalili kwamba mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha joto, na maisha yake yamo hatarini.

Mtu huyo akingwe na upepo, avuliwe nguo zilizolowa, avikwe kavu, aketishwe juu ya majani au mfuko badala ya udongo mtupu, na wenzake wamkumbatie. Kama ana fahamu timamu, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asipewe pombe kamwe: pombe humfanya ahisi joto kwa sababu hupeleka damu kwenye ngozi, na kwa njia hiyohiyo joto la ndani hutoka nje. Akiweza kutembea, ashushwe mara moja.

Mkipotea

Ukungu waweza kuufunika mlima katika dakika chache. Mkishindwa kuiona njia, simameni. Msitawanyike kuitafuta, kwa kuwa kundi moja lililopotea hupatikana kwa urahisi kuliko watu watano waliopotea kila mmoja peke yake. Pigeni filimbi mara tatu, mnyamaze, msikilize, kisha mrudie. Ukungu ukipanda, rudini polepole hadi mahali pa mwisho mnapopakumbuka.

Yako mawazo yaliyoenea kwamba aliyepotea afuate kijito, kwa kuwa maji hatimaye hufika kijijini. Katika mlima wa volkano ushauri huo ni wa hatari. Vijito vya Rungwe huchimba makorongo yenye kuta zilizosimama, na mara nyingine huishia kwenye maporomoko. Mtu hushuka kwa kuteleza, kisha hawezi kuendelea wala kurudi juu.

Simu mara nyingi hukosa mtandao ndani ya makorongo lakini huweza kuupata kwenye migongo ya mlima. Namba za dharura ni 112 kwa Polisi na 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Aliyebaki nyumbani naye ana wajibu: mwachieni mtu mmoja majina ya wasafiri, njia mtakayoifuata na saa mnayotarajia kurudi. Saa mbili zikipita bila habari, aijulishe ofisi ya hifadhi na mwenyekiti wa kijiji, asingoje asubuhi.

Wenyeji wa msituni

Mpandaji ni mgeni katika makazi ya viumbe ambao baadhi yao hawapatikani kwingineko duniani. Anayejulikana zaidi ni kipunji, nyani mwenye manyoya marefu yanayomkinga na baridi na mkia mrefu anaopenda kuuinua. Kisa chake kinastahili kukumbukwa na kila mkazi. Mwanzoni mwa mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa vijiji vya Rungwe waliambiwa habari za nyani mwenye haya aliyeitwa kipunji. Mwaka uleule walimwona kwa macho yao. Mwaka 2005 ulimwengu wa sayansi ulitangaziwa spishi mpya, na mwaka 2006 ikathibitika kwamba mnyama huyu anastahili jenasi yake mwenyewe, iliyopewa jina la Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika kutangazwa tangu mwaka 1923. Jambo lililokuwa geni kwa wasomi lilikuwa tayari linajulikana na wazee wa vijiji vyetu, na jina la Kinyakyusa ndilo lililobaki.

Mbali na msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone hadi Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kipunji hupatikana tu katika msitu wa Ndundulu kwenye Milima ya Udzungwa. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kwamba walikuwa zaidi kidogo ya 1,100 tu. Ukanda mwembamba wa Bujingijila ndio unaouunganisha msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone. Ukikatika, makundi ya pande mbili hayataonana tena. Msituni humo yumo pia minde, swala wa msituni apatikanaye Tanzania pekee.

Mpandaji akimwona kipunji asimrushie ndizi wala kumsogelea. Chakula cha watu humzoesha kushuka mashambani, na huko hukutana na mbwa na mitego. Mafua ya binadamu pia yaweza kumwambukiza. Takataka zote, pamoja na maganda, zirudi chini mfukoni. Asali, kuni, mianzi na mimea ya dawa visichukuliwe kwa kisingizio cha safari. Mwenye hitaji la dawa za asili aulize ofisi ya hifadhi utaratibu unaoruhusiwa.

Moto usiwashwe kabisa. Kwenye majani ya kileleni, wakati wa kiangazi, kipande kimoja cha sigara kinatosha.

Kwa wazazi, walimu na viongozi wa vijiji

Shule inayotaka kuwapeleka wanafunzi ipate ridhaa ya wazazi kwa maandishi, iombe kibali mapema, na iweke mtu mzima mbele na mwingine nyuma ya msafara. Mwendo uwe wa yule aliye mwepesi kuchoka. Watoto wadogo watanufaika zaidi kwa kutembea saa mbili ukingoni mwa msitu kuliko kuburutwa hadi kileleni.

Viongozi wa vijiji wanaombwa kuwahimiza vijana wanaoijua njia kujiandikisha kuwa waongozaji. Mgeni anayelala, kula na kuongozwa kijijini huacha fedha kijijini. Fedha hizo zitaendelea kuja iwapo wageni watarudi wazima na kukuta msitu ungali msitu.

Kwa maelezo zaidi kuhusu vibali, viwango na waongozaji, wakazi wafike ofisi ya TFS ya wilaya. Taarifa za njia zilizoharibika, moto, mitego au ukataji miti zitolewe hapo au katika ofisi ya mtendaji wa kata. Asiyeweza kufika mbali aanze na mwenyekiti wa kitongoji chake.